K3s au kubeadm kwa klasta ya kwenye laptopu?

Una laptopu ya RAM GB 16, VirtualBox imo, na unataka klasta (kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena, ya mashine pepe tatu. Kubeadm, zana rasmi ya kuunda klasta, itadai walau GB 2 za RAM kwa kila mashine, na ile kuu prosesa 2. Swopu (diski inayotumika kama RAM ya ziada) uzime. Ukishamaliza `kubeadm init`, nodi, yaani mashine ya klasta, itang'ang'ania NotReady (haiko tayari) hadi uweke mwenyewe mtandao wa podi (vifurushi vya kontena), kama Flannel au Calico. Hapo ndipo wengi hudhani wameharibu kitu. Tokeni ya kuunganisha nodi nayo hufa baada ya saa 24.

K3s, Kubernetes iliyopunguzwa uzito, ni faili moja isiyofika MB 100. Flannel imo humohumo, na SQLite inashika nafasi ya etcd, hifadhidata ya kawaida ya Kubernetes. Amri moja kwa kila mashine, umemaliza.

Mtego mmoja haubagui: kadi ya kwanza ya mtandao ya VirtualBox, ile ya NAT (inayotoka nje kupitia laptopu), huzipa mashine zote anwani ileile, 10.0.2.15. Ongeza kadi ya pili, kisha taja anwani yake kwa `--node-ip`. Kwenye kubeadm utaiandika kwa kubelet (programu inayosimamia nodi) ya kila nodi, na kwa `--apiserver-advertise-address` unapoendesha `kubeadm init`.

Mimi ningeanza na K3s. Anayejiandaa na mtihani wa CKA (cheti cha usimamizi wa Kubernetes), avumilie tu kubeadm.