Vichujio vya Mastodon na mikeka isiyoisha

Kwa miezi minne nimetumia vichujio vya Mastodon, mtandao wa kijamii, kwa lengo moja tu, nalo ni kuondoa habari za kubeti kwenye ukurasa wangu wa nyumbani. Nafuata mashabiki kadhaa wa kandanda ambao siku za mechi huandika uchambuzi wa maana, lakini katikati ya juma hugeuka wauza mikeka, yaani orodha za mechi za kubetia. Kuwaacha kabisa sikutaka, na kukutana na "mkeka wa uhakika" kila asubuhi kabla ya chai nilishindwa kuvumilia. Mastodon haina matangazo ya kulipia, na ukurasa wa nyumbani hupanga machapisho kwa mfuatano wa wakati, kwa hiyo karaha iliyopo humo imeletwa na watu uliowafuata kwa hiari yako, na kazi ya kuichuja ni yako pia.

Kichujio hutengenezwa katika mipangilio: unakipa jina, unaandika maneno, unachagua kifanye kazi wapi na kwa muda gani, kisha unaamua machapisho yafichwe kabisa au yafunikwe kwa onyo. Tangu toleo la 4.0 la Novemba 2022, kichujio kimoja hubeba maneno mengi.

Shughuli ipo kwenye kisanduku kidogo kinachouliza kama kichujio kitafute neno zima. Kikitiwa alama, hukamata neno lile tu, jinsi lilivyoandikwa, na Kiswahili hakina desturi ya kuliacha neno jinsi lilivyo. Nilipoandika "kubeti" niliendelea kupokea "nimebeti", "tunabeti" na "wanaobeti", hivyo nikaondoa alama na kuweka "beti" peke yake. Kamari ikakoma siku hiyohiyo, na mashairi nayo yakakoma. Rafiki yangu wa Tanga huchapisha shairi kila Ijumaa na kutanguliza idadi ya beti zake. Ziliposita Ijumaa mbili nilidhani anaumwa, nikampigia simu.

"Beti saba nimeziweka tangu asubuhi," akasema, "wewe unasoma wapi?"

Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilichagua kuficha kabisa. Nilipobadili na kuweka onyo, nilikuta ukanda wenye jina nililokipa kichujio, yaani "Kamari", umelifunika shairi la kumuaga mwalimu wake wa madrasa. (Kwa mtindo huo huo, alfabeti na hata Elisabeti mamaye Yohana wangekamatwa.) Sasa nimeandika "kubeti", "nimebeti" na ndugu zao mmoja mmoja, kazi ya dakika kumi.

"Mkeka" ulinishinda zaidi, kwa sababu shemeji yangu wa Pemba anauza mikeka ya ukindu na hutangaza bidhaa zake humo humo. Neno ni lilelile, na kichujio hakijui ukindu ni nini. Dawa niliyoipata ni kuandika kifungu kizima, "mkeka wa leo" au "mkeka wa uhakika", ambacho hakuna msusi wa mikeka anayekitumia.

Hata hivyo, kilichonisaidia kuliko maneno yote ni kitu kingine: kwenye wasifu wa mtu unayemfuata unaweza kuficha machapisho ya wengine anayoyasambaza, huku yale anayoyaandika mwenyewe yakiendelea kukufikia. Mikeka mingi niliyokuwa nikiiona ilikuwa ya kusambazwa, na baada ya kuwafanyia hivyo watu watatu ukurasa ulitulia. Ningelianza na hilo, simu ya Tanga isingelikuwapo.

Vichujio nimevibakiza, ila vyote kwa onyo. Picha ya mkeka iliyowekwa bila maelezo yoyote bado hupenya, kwa kuwa kichujio husoma maandishi tu, nami hukutana nazo mbili au tatu kwa wiki. Jana nilimwagiza shemeji mkeka wa futi sita. Tangazo lake nililiona bila kufunikwa na chochote.