Vyuo viwili, shahada moja: uzoefu wangu wa kusomea mazingira

Shahada yangu ya mazingira nimeisomea vyuo viwili. Cha kwanza nilikaa mwaka mmoja nikahama, cha pili ndicho nilichomalizia. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana vipeperushi vya vyuo vitano mezani, na vyote vina picha ya wanafunzi waliovaa mabuti, wamesimama mtoni.

Mimi picha hiyo ndiyo iliyonivuta. Nilipofika, mwaka mzima hatukutoka nje ya ukumbi wa mihadhara hata siku moja. Maabara ilikuwapo, ila ilikuwa mali ya idara ya kemia, na sisi tulipewa muda wa saa mbili kwa mwezi, nusu yake ikiishia kwenye kusubiri ufunguo. Walimu wenyewe hawakuwa wabaya. Yule wa sera alitufundisha vizuri kwa nini Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, ulitekelezeka: gesi zilizopigwa marufuku zilikuwa na mbadala, nchi zinazoendelea ziliongezewa muda, kisha zikaundiwa mfuko wa kuzisaidia. Somo hilo ninalo mpaka leo. Lakini nilifanya mtihani wa uchafuzi wa maji, nikafaulu, ilhali sijawahi kupima maji hata ya ndoo.

Kuna jambo nililipita haraka wakati wa kuomba, nalo ni jina la shahada. Masomo ya mazingira kwa kawaida huelemea sera, sheria, uchumi na jamii. Sayansi ya mazingira huelemea kemia, biolojia na takwimu. Vyuo vingine huyachanganya majina haya wapendavyo, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Fungua orodha ya kozi, uhesabu zipi ni za lazima na zipi ni za hiari. Kozi ya hiari inaweza kuwamo kitabuni miaka mitatu bila kufundishwa.

Safari ya pili niliomba vitu viwili tu: ratiba ya muhula uliopita, maana ya muhula ujao ni ahadi, na ruhusa ya kuona daftari la kazi za nje la mwanafunzi yeyote. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alinipa lake. Karatasi zilikuwa zimevimba kwa maji. Kila ukurasa ulikuwa na safu za saa, joto la maji, pH (kipimo cha asidi) na oksijeni, na mahali pamoja alikuwa ameandika kwa penseli: "Chupa imeingia hewa. Rudia." Niliamua palepale.

Maana ya maneno yale niliielewa nilipoingia majini mwenyewe. Ukitaka kujua oksijeni iliyoyeyuka, chupa huizamisha yote, unaiinamisha ijae polepole, unaifunga ikiwa bado chini ya maji, kisha unaipindua kutazama kama kuna kiputo. Kiputo kimoja kinaharibu kipimo, kwa sababu kinaongeza oksijeni ambayo mto hauna. Baada ya hapo unatia chumvi ya manganizi na iodidi yenye alkali. Maji yenye oksijeni hutoa mashapo ya kahawia. Chupa tuliyoijaza upande wa juu wa mto, kabla ya bomba la majitaka, iligeuka kahawia mara moja. Ya upande wa chini, baada ya bomba, mashapo yake yalibaki meupe. Tulikuwa sita pale ukingoni na hakuna aliyesema kitu. Sehemu ile ya mto haikuwa na hewa ya kumtosha samaki, na tulikuwa tumeishika mkononi.

Kwa hilo chuo cha pili nakipa sifa zote. Kwenye ramani na picha za setilaiti nacho kilifanya vizuri, tena bila gharama kubwa. Programu ya kuchorea ramani, QGIS, ni ya bure, picha za Landsat ni za bure tangu 2008, kila nukta ikibeba mraba wa mita 30 kwa 30, na za Sentinel-2 zinafika mita 10. Chuo cha kwanza kilituambia somo hilo ni ghali mno. Si kweli, na jibu la namna hiyo linanikera hadi leo. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na mwalimu anayejua.

Kasoro zipo. Sheria ilikuwa nyepesi. Tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kuchunguza mradi utadhuru nini kabla haujaanza, tuliisoma muhula mmoja, tukichambua ripoti za wengine bila kuandika ya kwetu, na hiyo ndiyo kazi inayoajiri wengi wetu. Tena ziko nchi ambazo mtaalamu wa tathmini lazima asajiliwe, basi uliza mapema kama shahada hiyo inakubalika kwenye usajili. Gharama za safari za mafunzo hazikuwa ndani ya ada. Na ukihama kama mimi, pata kwa maandishi kozi zipi zitahesabiwa. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, nikaja kurudia takwimu nzima.

Anayelenga sheria na mikataba, chuo changu cha pili hakitamtosha. Anayetaka kujua mto umepatwa na nini, aende.

Wanaokuja kuuliza sasa nawaazima daftari langu. Ukurasa wa 14 una doa la tope, namba mbili hazisomeki, na pembeni nimeandika saa niliyorudi kuzipima upya.