Rejea 184 kwa amri nne: uzoefu wangu na wakala wa akili mnemba ndani ya Unity

Natengeneza gemu ya mifongo kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu. Kwa asiyekulia huku Kilimanjaro, mfongo ni mfereji wa jadi unaochukua maji mtoni huko juu na kuyashusha hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, na wenye vihamba hupokezana maji kwa zamu. Kwenye gemu yangu mchezaji ndiye mgawa maji. Ipo mifongo minne, kila mmoja una milango 12, na kila mlango una skripti (kipande cha msimbo) yenye nafasi nne za kujaza: mlango wa juu yake, mlango wa chini yake, kihamba unachokimwagilia na mzee anayesimamia zamu hapo.

Milango 48 mara nne ni 192. Toa nane, kwa sababu mlango wa kwanza wa kila mfongo hauna wa juu yake na wa mwisho hauna wa chini. Zinabaki rejea 184, yaani viungo vya kitu kimoja kwenda kingine, na kwenye Inspekta, kidirisha cha Unity kinachoonyesha nafasi za kitu ulichokichagua, kila moja unaiburuta kwa mausi hadi kwenye kisanduku chake. Usipoifunga Inspekta kwa ile alama ya kufuli, ukibofya kitu kingine tu ukurasa wote unahama. Mara ya kwanza nilimaliza kwa jioni mbili, hapa nyumbani Kiborloni. Wiki iliyofuata nikabadili muundo wa mlango na zote zikapotea. Sikuwa na moyo wa kurudia.

Ndipo nikajaribu zana ya bure inayomfungulia wakala wa akili mnemba, programu unayoiagiza kazi kwa maneno ikaifanya yenyewe, njia ya kuingia Unity. Inatumia MCP, utaratibu wa kuunganisha wakala na programu nyingine ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024. Wapo watakaosema ningeandika skripti yangu ya kupita kila mlango. Ningeweza, kama vihamba vingekuwa na majina ya kufuatana. Lakini mdogo wangu ndiye aliyevipanga, kwa kufuata umbo la ardhi, na kila kimoja alikipa jina lake. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya mkono inayoonyesha nani anapata maji wapi. Niliichapa, nikampa wakala.

Siku ya kwanza nilimwacha ajaze rejea moja moja, na hilo halifai kabisa. Kila rejea ni safari yake: anatafuta kitu, anauliza kina komponenti gani (sehemu zilizobandikwa juu yake, kama skripti), anaweka, anasubiri jibu. Mimi natumia intaneti ya bando la simu, na hadi mlango wa tisa nilikuwa nimekaa karibu saa nzima. Zana hiyo ina amri ya kuweka kwa mkupuo: unatuma orodha yote mara moja, kitu gani, nafasi gani, ijazwe na nini. Niligawa kazi kwa mifongo, amri nne. Kila amri iliisha kabla sijamaliza kumimina chai.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inaandika kupitia SerializedObject, njia ileile inayotumiwa na Inspekta yenyewe. Ndiyo maana kile kinyota cha mabadiliko kilitokea kwenye jina la sini (ukurasa wa gemu wenye vitu vyote hivi), na nilipobonyeza Ctrl+Z mkupuo mzima ulirudi nyuma kwa hatua moja. Niliwahi kujaribu zana nyingine iliyobadilisha thamani bila kuiarifu Unity. Skrini ilionyesha zimejaa, nikahifadhi, nikafunga, kesho yake kisanduku kiko tupu.

Majina yaliniponza kwanza. Kila mfongo ulikuwa na Mlango (3) wake, na zana ikachukua wa kwanza iliyoukuta. Sasa naandika njia nzima, MfongoB/Mlango_03, na tatizo hilo limekwisha. Namba za utambulisho ambazo Unity huvipa vitu usizitegemee, maana ukiifunga na kuifungua tena zinabadilika.

Kosa la pili lilikuwa zito. Jibu lilisema rejea 192 zimewekwa, makosa 0. Konsoli, kidirisha ambamo Unity huandika makosa, safi kabisa. Nikafurahi na kuhifadhi. Jumapili baba mdogo akashuka kutoka Kibosho, nikamwamkia, nikamwonyesha. Ujana wake wote alikuwa akisimamia zamu za mfongo wa ukoo. Alitazama kimya, kisha akagusa skrini.

“Mwanangu, haya maji yanatoka kwa huyu wa mwisho yanakwenda wapi?”

“Yanaishia hapo, baba.”

“Hayaishii. Tazama, yanarudi kwa yule wa juu.”

Nilikuwa nimemwambia wakala ajaze nafasi zote. Alipokuta zile nane tupu, akauunganisha mlango wa mwisho na wa kwanza, na wa kwanza na wa mwisho. Maji yakawa yanapanda mlima. Ile 192 ilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi mwenyewe nilishahesabu 184. Rejea ikiwa tupu, Unity inakupigia kelele nyekundu mara tu skripti inapoigusa. Rejea ikiwa na kitu cha aina inayotakiwa lakini siyo chenyewe, hakuna atakayekuambia.

Tangu siku hiyo namtajia wakala nafasi zinazopaswa kubaki tupu, kwa majina. Baada ya kila mkupuo namwagiza asome upya kutoka kwenye sini, siyo kutoka kwenye orodha aliyotuma, aniandikie kila mlango na jirani zake. Nakaa na karatasi yangu nasoma mstari kwa mstari. Inachukua dakika ishirini hivi kwa milango yote, na sioni uchungu kuzitoa.

Nimeibakiza zana hii, na gemu ninayoanza mwezi ujao nitaitumia tangu siku ya kwanza. Kwa vitu kumi au kumi na tano bado naburuta kwa mkono. Ninachowaomba waliotengeneza ni hatua moja ya kati: kabla ya kuandika chochote, inionyeshe kila nafasi ilikuwa na nini na itakuwa na nini, kisha ingoje nikubali.