Bustani ya vinyago Mtwara: nendeni, ila ulizeni nani kachonga

Wadau mnaokuja Mtwara mkaishia kula pweza Shangani, kuna sehemu mnaikosa. Ni kwa wachongaji, pembeni ya barabara ya Mikindani, mbele wamepanga vinyago vikubwa chini ya mikorosho, bustani kabisa, nyuma kuna chumba cha maonyesho na karakana. Kiingilio hamna, ukipenda unatumbukiza chochote kwenye kopo.

Mi naona nje ndo kuzuri zaidi. Kuna kinyago kimoja cha mtindo wanaouita ujamaa, kimenizidi urefu, watu wamebebana, huyu kamkanyaga yule begani, mama na mtungi wake, mtoto kaning'inia, na wote wametoka kwenye gogo moja hamna kiungo wala gundi, ukizunguka nyuma unakuta na jamaa mwingine kajificha huko, halafu katikati pako wazi unaona mpaka upande wa pili. Jirani yake mashetani, jicho moja, mdomo umefika sikioni, dada yangu kagoma hata kupiga nayo picha. Mtindo huu wa mashetani anatajwa sana mchongaji Samaki Likankoa, miaka ya 1950 huko, kwa hiyo wale wanaowauzia watalii stori za "mababu wa kale" wapunguze, hii ni sanaa ya kisasa. Ya zamani ni mapiko, yale mabarakoa ya kuvaa kwenye ngoma za jando, yamewekwa ndani, mti wake mwepesi maana mtu anacheza nalo kichwani. Hata George Lilanga wa Masasi, yule ambaye picha zake zimefika Ulaya, alianzia kwenye kuchonga.

Nendeni asubuhi mkute kazi inafanyika. Mzee mmoja kakaa chini kabana gogo kwa miguu anapiga tezo, taratibu tu, mpingo nje ni mweupe-njano weusi uko ndani, nikamuuliza mzee mbona huku umeacha peupe, akasema "mwanangu, ukiona cheusi tii kila kona nusa kwanza, utasikia kiwi." Na ni kweli, mjini watu wanauziwa mti wowote uliopakwa dawa ya viatu. Shika mkononi, mpingo una uzito wake, ukiutia kwenye maji unazama.

Sasa kero. Kinyago cha laki kadhaa halafu hakuna hata kikaratasi cha kusema nani kachonga! Nikamuuliza kijana wa mapokezi, ananiambia "wachongaji wetu". Wachongaji gani sasa? Wana majina hao. Bei nazo hazijaandikwa, anakuangalia viatu kwanza ndo anataja, ila ukikaza inashuka. Choo msikitegemee.

Nimechukua kadogo ka mtindo wa mawingu, maumbo ya kujipindapinda tu, kwa elfu thelathini, wamenifungia kwenye gazeti. Nyota nne, moja nimeibakiza mpaka waandike majina. Jumapili asubuhi msiende, geti linafungwa.