Mimea ya kuning'inia ndani ya nyumba: kipi ununue kwanza na kipi uachane nacho

Tuanze na jambo ambalo muuza maua hawezi kukwambia, mmea wenyewe ndo kitu rahisi kuliko vyote hapa. Mani planti, ile ya majani ya umbo la moyo yenye madoa ya njano, wala huna haja ya kuinunua, muombe jirani akukatie kipande chenye vifundo viwili (kifundo ni pale jani linapotokea kwenye shina), tumbukiza kwenye glasi ya maji, wiki mbili tatu mizizi hiyo. Kinachokula hela na kuleta kesi na mwenye nyumba ni cha kuuning'inizia: chungu, kamba, ndoano na tundu kwenye dari.

Kwa hiyo hapa napanga vyombo, sio mimea, na nampangia mtu wa Dar aliepanga nyumba, joto kali, hewa ya chumvi, dari ya jipsam. Mnaokaa Arusha au Nairobi mtapindua kidogo, ntasema wapi. Naangalia vitu vitatu tu: maji yakishuka yanaenda wapi, uzito umeshikwa na nini, na je unakifikia bila kupanda stuli. Hilo la tatu watu wanalidharau, kumbe chungu kikiwa juu sana unaahirisha kumwagilia leo, kesho, mpaka mmea unakauka huku unauangalia.

Namba 1: wavu wa chuma na ndoano za S

Hii naiweka juu na sina wasiwasi nayo. Unaenda kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako, unamwambia unataka fremu ya urefu wa mita moja na nusu hivi, ndani weldimeshi (wavu wa waya uliochomelewa) yenye matundu ya sentimita 5, chini aweke miguu ili uegemeze ukutani bila kutoboa chochote. Mkihama mnahama nayo. Usikubali akuwekee BRC ya sakafu, ule wavu unaolazwa kwenye zege, matundu yake ni ya sentimita 20, vyungu vidogo vinakaa hovyo na mmea hauna pa kushika. Kabla hujalipa pitisha kiganja kwenye viungo vyote, ukikwaruzwa mwambie apige grenda upya, af mwambie apake redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kwanza ndo rangi nyeusi ifuate, maana ukikaa karibu na bahari chuma kilichopakwa rangi ya juu juu kinatoa kutu mapema sana na kutu ikidondokea ukuta mweupe haitoki.

Uzuri wa wavu ni kwamba mmea unaupeleka unapotaka. Shina la mani planti unalipitisha tundu hadi tundu, unafunga kwa uzi laini kila baada ya kifundo, unachora nalo hata herufi ukipenda (mi naona ni ushamba kidogo lakini nyumba ni yako). Na hapa kuna ile shida ya kila mtu, mmea unarefuka kwenda chini af juu kwenye chungu unabaki kipara. Dawa yake haiuzwi dukani. Chukua shina moja refu, lirudishe juu, lizungushe juu ya udongo, kila kifundo kinapogusa udongo kibane na pini ya nywele au waya uliokunjwa. Kifundo kinatoa mizizi hapo hapo, chipukizi jipya linatoka, na baada ya miezi michache kipara kimefunikwa. Hii inakubali kwenye mani planti, kwenye filodendroni, hata kwenye ile tradeskantia ya zambarau yenye mistari ya fedha. Ila tradeskantia vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, maji yake yanawasha.

Namba 2: chungu cha plastiki cha kuning'iniza chenye sahani yake

Sio kizuri kwa macho, nakubali, ila kinafanya kazi. Matundu chini, sahani imebanwa palepale, sofa haidondokewi na kitu. Dukani angalia ile mikono mitatu inayoshika chungu, ivute kwa nguvu mbele ya muuzaji, kama inachomoka ikiwa tupu basi ikishiba maji itakuja na kila kitu. Chukua cha kipenyo cha sentimita 20, usipande zaidi, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja na udongo mbichi ni mzito kuliko maji, chungu cha lita tano kikishamwagiliwa unaning'iniza kitu cha uzito wa mtoto mchanga na zaidi.

Sasa hapo ndo tunafika kwenye dari. Jipsam haishiki chungu, silingi bodi haishiki chungu, usidanganywe na mtu. Gonga gonga mpaka usikie sauti imebadilika kutoka wazi kwenda nzito, hapo kuna mbao, ndoano ya skrubu ingiza humo. Kama unakaa ghorofa yenye slebu ya zege, fundi atoboe kwa drili na aweke ndoano ya boliti ya kutanuka, sio ile plagi ya plastiki, plastiki inafaa ukutani ila juu ya kichwa cha mtu hapana. Na kama mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa kuna nondo za dirishani, ndoano ya S na kazi imeisha, mwanga upo hapo hapo. Bomba la pazia nalo linabeba, lakini vyungu vidogo viwili tu, tena upande wa karibu na kishikio, katikati linapinda.

Kitu kimoja cha kupunguza uzito: usitumie ule udongo mweusi mzito unaokuja na mmea kutoka kwa wauza maua wa barabarani. Changanya udongo kidogo, samadi iliyokaa muda, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga. Mwepesi, maji yanapita, mizizi inapumua.

Namba 3: makrame

Makrame ni ule mfuko wa kamba zilizofungwa mafundo unaoshika chungu, najua wengi mlikuja kwa ajili ya hii. Nimeiweka ya tatu kwa sababu watu wanachagua kwa macho na kusahau kuuliza kamba ni ya nini. Pamba ni laini, inapiga picha vizuri, ila masika ikifika inanyonya unyevu na kuota ukungu mweusi pale chini fundo linapokutana na chungu. Nailoni haiozi, ila jua la moja kwa moja la barazani linaidhoofisha taratibu. Ya ndani mi nachukua katani. Ni ngumu mkononi na inatoa manyoya, lakini ina nguvu na ni ya kwetu, Tanga na Korogwe, ingawa mbegu yake ilitoka Mexico, Mjerumani Richard Hindorf ndo aliileta mwaka 1893, miche elfu moja ilisafirishwa na iliyofika hai ni 62 tu, mashamba yote makubwa yakaanzia hapo. Katani nayo ikiloa kila siku inaoza, kwa hiyo chungu chenye matundu kiwe ndani ya chungu kisicho na matundu, ukimwagilia unakitoa cha ndani unakipeleka bafuni, unasubiri maji yaishe, unarudisha.

Ukiagiza kwa anaesuka mwenyewe, mpe vipimo. Kutoka ndoano mpaka chungu, sentimita 80 au 90 zinatosha kwa dari ya kawaida, wengi wanasuka ndefu mno na mmea ukishuka unafagia sakafu. Fundo la chini lishike na ulivute kabla ya kulipa, nyuzi zikiteleza mrudishie.

Namba 4: chupa na maji

Hakuna rahisi kuliko hii. Chupa tupu, vipande vya mani planti, waya shingoni, tundika kwenye wavu wa namba 1. Chupa ya kijani au kahawia ni bora kuliko nyeupe maana mwanga mwingi unaleta ukijani ndani ya maji.

Ila hapa naomba tusitaniane. Dar imepata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ikaupata tena 2019, na mbu wake ni yule anaeuma mchana, anapenda kutaga kwenye maji yaliyotulia hapo hapo nyumbani, chupa, ndoo, na sahani za maua. Kutoka yai mpaka mbu anaeruka inaweza kuchukua siku saba hadi kumi kwenye joto letu. Kwa hiyo maji badilisha kila wiki bila kukosa, sugua na kuta za chupa kwa ndani kwa sababu mayai yanaganda pale, na ziba shingo kwa pamba kuzunguka shina. Sahani za namba 2 hivyo hivyo, mwaga. Kama unajijua huwezi, ruka hii namba.

Namba 5: rafu, kabati, juu ya friji

Poa tu. Kama tayari unayo rafu weka chungu juu acha mmea ushuke, huhitaji mwongozo. Usinunue rafu mpya kwa ajili hiyo.

Achana navyo

Mifuko ya kitambaa ya kubandika ukutani. Kwenye picha inavutia, ila unyevu unapita nyuma, rangi inavimba na kubanduka, na siku ya kuhama hela ya matengenezo inatoka kwako. Vifuu vya nazi navyo ni vizuri kama pambo, lakini vinabeba udongo kiganja kimoja, kwa joto la Januari asubuhi umemwagilia jioni pamekauka. Kama unavipenda sana toboa chini na panda kitu kisichopenda maji mengi.

Mimea yenyewe kwa haraka

Mani planti kwa anaeanza, ila ina fuwele zinazochoma mdomo, kwa hiyo kama kuna mtoto anaetambaa au paka, ning'iniza juu kweli kweli. Kwenye nyumba ya watoto ni heri spaida planti, ile ya majani membamba marefu kama nyasi, haina sumu, na ni mmea wa Afrika hii hii. Ncha zake zikigeuka kahawia angalia maji kwanza, visima vingi vya Dar vina chumvi, tumia ya mvua ukipata. Ile ya vidude kama shanga za kijani ni ya Afrika Kusini, inataka pakavu, pwani inaoza kirahisi, waachieni wa Arusha na Nairobi. Aivi, ule mmea unaotambaa ukutani, nayo inataka baridi, Lushoto sawa, Kinondoni hapana.

Ukifika kwa muuza maua geuza majani uangalie chini, ukiona unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya jani rudisha hata kama amekupunguzia bei, hao wadudu wakiingia ndani wanahamia kwenye vyungu vyote. Dirisha la mashariki ndo zuri zaidi, la magharibi weka pazia jepesi saa za alasiri, na kama vioo vyako ni vya giza usishangae madoa ya njano yakififia, sogeza chungu karibu na dirisha majani mapya yatarudi na rangi yake.