Dawa ya kutoa vinaili kwenye tisheti: ipi ununue, na ile pete ya mafuta ambayo muuzaji hakutajii

Mwezi wa nane nilipata oda ya polo 24 za kamati ya sendoff, nyeusi zote, jina la shughuli kifuani na tarehe mgongoni kwa vinaili ya dhahabu, ile plastiki nyembamba inayokatwa herufi na kubandikwa kwenye nguo. Nikapiga kwa hiti presi, ile mashine ya kubandika kwa joto, nikapeleka, siku mbili baadaye mama wa binti ananipigia anasema mwanangu ukumbi wametuhamisha, siyo tarehe 14 tena ni 21, sasa tunafanyaje. Nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, natoa tarehe naweka nyingine. Nikaenda zangu Kariakoo kutafuta dawa maana ya kwangu ilikuwa imeisha, nikakutana na kijana ana chupa za nusu lita zinanukia machungwa, lebo kaprinti mwenyewe, elfu 18. Akaniambia dada chukua hii, hata stika ya gari inatoka. Nikachukua mbili.

Na kweli ilitoa. Tena ilitoa vizuri sana, namba zikabanduka kama ganda la ndizi na gundi ikafutika na kitambaa. Nikafua, nikaanika, zikakauka, nikapiga tarehe mpya kwa digrii 150 sekunde 15 kama ninavyopiga siku zote. Siku ya sendoff keki haijakatwa bado naletewa picha, ile 2 imening'inia mgongoni kwa mjomba, kwa mwingine zimedondoka zote mbili. Polo 24. Nilirudisha hela yote na yule mama mpaka leo tukikutana naona aibu kumwangalia.

Nimeandika hii kwa sababu tangu nihadithie kisa hiki nimepata meseji nyingi za mafundi wenzangu na watu wa mitumba, kila mtu na chupa yake iliyomtia hasara, na karibu wote wanauliza swali moja, ipi inatoa haraka. Hilo swali mi silijibu, karibu zote zinatoa. Vinaili imeshikwa na gundi ya moto, gundi ambayo ukiipa joto inalegea na ukiipa kemikali inayofaa inalegea pia, wala haihitaji dawa ya ajabu. Swali la kuuliza ni dawa ikishakauka inaacha nini kwenye nguo.

Ile chupa ya machungwa ilikuwa na mafuta ndani. Kwenye polo nyeusi huyaoni, ukishika nguo ni kavu, ukinusa inanukia sabuni, lakini nyuzi zimepakwa utando wa mafuta na gundi ya vinaili mpya inakosa pa kung'ang'ania. Inashika juu juu, unaivuta kwa kidole unaona imekubali, akivaa mtu akitoka jasho inaachia. Kwenye nguo ya rangi nyepesi angalau utaona pete, ile duara nyeusi nyeusi kidogo kuzunguka pale ulipomimina, na ukipiga pasi juu yake ndo inazidi kujionyesha.

Kwa hiyo kabla hujalipa, fanya hivi. Beba karatasi nyeupe ya A4 kwenye mkoba. Mwambie muuzaji adondoshe matone mawili, andika jina la dawa pembeni, nenda kaendelee na manunuzi mengine, baada ya saa moja inyanyue karatasi uiangalie kwenye mwanga. Kama imekauka na karatasi imerudi ilivyokuwa, hiyo dawa ni safi. Kama pale pamebaki panaonyesha upande wa pili, kama ile karatasi ya kufungia maandazi, ina mafuta, achana nayo hata kama anakupa kwa elfu tano. Muuzaji akikataa kudondosha matone mawili umeshapata jibu lako.

Jambo lingine dogo, hakikisha kwanza unachotoa ni vinaili. Pitisha ukucha pembeni ya herufi, kama kuna ukingo unaonyanyuka na ukigeuza nguo ndani nyuma ni pasafi, ni vinaili. Kama wino umeingia kwenye kitambaa na hakuna ukingo, hiyo ni skrini, yani wino uliochapwa kupitia wavu, na hizi dawa hazitakupa nguo safi, usipoteze hela. Tisheti nyingi za mitumba za kambi na mbio za Marekani ni skrini, vinaili utaikuta zaidi kwenye majina na namba za mgongoni.

Haya, sasa za kununua.

Ya kwanza kwangu ni VLR ya AlbaChem na sifichi, naipenda. Ni ya Marekani, hizo herufi tatu zinasimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitoa herufi za vinaili, yani imetengenezwa kwa kazi hii hii, siyo dawa ya stika wala ya kusafisha injini iliyobatizwa jina jipya. Unageuza nguo ndani nje, unamimina nyuma ya maandishi siyo juu yake, kwa sababu vinaili yenyewe ni plastiki inazuia dawa isifike kwenye gundi na hapo ndipo wengi wanamaliza chupa nzima kwa tisheti moja. Unavuta kitambaa huku na huku, unasubiri kidogo, ukingo unaanza kujikunja wenyewe, unashika na kibanio cha nyusi unabandua taratibu. Gundi iliyobaki unaongeza dawa kidogo unakwangua na kadi ya simu ya zamani. Kwenye karatasi yangu imekauka haijaacha hata alama. Nilinunua polo nyingine nyeusi mbili nikazifanyia kila nilichofanya kwenye zile 24 ila kwa VLR, nimezifua sasa mara tisa na namba ziko pale pale. Harufu yake ni kali, fanyia nje au fungua madirisha yote na watoto wasiwepo karibu. Tatizo ni kuipata, haikai madukani huku, mimi naagizia kwa watu wanaoleta vifaa vya hiti presi kwa kontena na nasubiri wiki kadhaa, nikipata nachukua makopo matatu kwa mpigo. Wakati inaisha ndo hivyo tena naangukia mikononi mwa wenye chupa za machungwa.

Ya pili ni asetoni, lakini nisikilize vizuri hapa maana ndo penye mtego. Nataka asetoni tupu, ile wanayotumia dada zetu wa saluni kutolea kucha za bandia, kopo limeandikwa asetoni safi na kimiminika hakina rangi. Siyo kile kitoa rangi ya kucha cha pinki cha dukani. Kile kimewekwa mafuta au glisirini ili kisikaushe vidole, kimewekwa marashi, kimewekwa rangi, na vyote hivyo vinabaki kwenye nguo. Watu wameniandikia "asetoni imeniharibia tisheti nyeupe", ukiuliza unaambiwa ilikuwa ya pinki. Asetoni tupu inakauka haraka mno na karatasi inarudi kama ilivyokuwa. Kwenye pamba na poliesta nyuzi zenyewe zinavumilia, ingawa rangi ya kitambaa inaweza kutoka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye upindo kwa ndani. Kwenye kitambaa cha asiteti, kile kinachong'aa cha bitana na baadhi ya magauni, usithubutu, asetoni inakiyeyusha kabisa unabaki na tundu. Angalia lebo ya nguo ndani. Na uwe mbali na moto, mvuke wake unaweza kuwaka hata kukiwa na baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, sasa piga hesabu kwa joto la Dar, jiko la mkaa liko uani na wewe uko mlangoni. Pasi pia isiguse nguo mpaka ikauke kabisa na harufu iishe.

Tatu ni ile alkoholi ya mafundi simu, aisopropili ya asilimia 99. Ni mpole kwa rangi kuliko asetoni, inakauka safi, ila ni mvivu, unamimina, unasubiri, unamimina tena. Kwa jina moja la kifuani sawa, kwa polo 24 utakesha. Sharti iwe ya 99, ile ya 70 karibu theluthi yake ni maji.

Un-Du, dawa ya kutoa stika na gundi, naiweka ya nne siyo kwa ubaya. Ni chupa ndogo ya mililita 118, ndani ni heptani, kemikali inayoyeyusha gundi, inakauka safi kama VLR na inakuja na kijipande cha plastiki cha kukwangulia ambacho ni kizuri kweli. Nzuri kwa mabaki ya gundi na stika za bei za mtumba zilizogandia. Lakini kwa kutoa maandishi mazima chupa inaisha kabla ya mgongo kuisha. Na usimwambie ndugu yako wa Marekani aiweke kwenye begi, inashika moto kirahisi, kwenye ndege hairuhusiwi.

Goo Gone, ile ya kutoa gundi ya lebo, mnaniuliza sana. Kwa mitungi ya kioo na sufuria mpya zenye lebo ngumu ni nzuri, mimi ninayo jikoni. Ila ni ya mafuta, imetengenezwa hivyo, na maelezo yake yenyewe yanataka nguo ifuliwe baada ya kuipaka. Kama hutarudishia vinaili juu yake na uko tayari kufua kwa sabuni ya kutosha, tumia. Kama utapiga upya, hapana.

Za bei rahisi ni hizi. Pasi tupu na karatasi ya kaki inabandua vinaili kwenye nguo ya pamba na kunyonya gundi kiasi, ila inabakiza utando unaonata. Spiriti za duka la dawa soma kwanza kopo, ile inayoitwa surgical spirit ya kanuni ya Uingereza (BP) ina mafuta ya nyonyo ndani. WD-40 na mafuta ya taa ni mafuta. Tina ya rangi kila duka lina mchanganyiko wake. Petroli hapana, kuna watu wana watoto ndani.

Kama tayari umeshaingia mkenge na pete iko kwenye nguo, kabla ya kuilowesha paka sabuni ya maji ya vyombo moja kwa moja pale kwenye pete, sugua kwa vidole, iache nusu saa, fua kwa maji ya uvuguvugu, rudia. Usipige pasi katikati. Zile polo za sendoff nilizobaki nazo zilitaka raundi tatu ndo vinaili ikakubali kushika.

Sasa niseme la wauzaji maana limenikaa kooni. Pale Kariakoo kuna watu wananunua dumu la lita 20 wanapima kwenye chupa za maji ya kunywa. Chupa ile ile, kifuniko kile kile, kimiminika hakina rangi, halafu unaambiwa "hii ndo yenyewe". Nyumbani una mtoto wa miaka minne, karudi toka kucheza ana kiu, ameona chupa ya maji mezani. Hili mimi silichukulii poa hata kidogo. Hata kama ni asetoni safi kabisa, nikipewa kwenye chupa ya maji siichukui, naomba kopo lake, na kama nimelazimika basi nikifika tu naihamishia kwenye kopo nimeandika SUMU kwa maka peni. Halafu wanachanganya. Wiki hii dawa inabandua kwa nusu dakika, wiki ijayo kwa mtu yule yule kwa bei ile ile inabidi usubiri robo saa, ukimuuliza anasema labda vinaili yako ni orijino sana. Na bei inategemea ulivyovaa, mwanafunzi wangu anauziwa 12,000, mimi nikienda na gari inakuwa 18,000. Risiti ukiomba unaambiwa dada si tunajuana. Hatujuani kaka, nilirudi na polo 24 ukaniambia nilikosea joto la mashine.

Kabla sijasahau, mmoja kaniuliza kuhusu jezi na vizibao vya rifleta. Jezi ni poliesta, usipitishe pasi ya moto, itaacha ng'aa ya mraba ambayo haitoki tena, tumia dawa tu na vuta kidogo kidogo kwa sababu kitambaa cha jezi kikivutwa sana kinaweza kisirudi. Kizibao cha rifleta angalia ile mistari inayong'aa kama imeshonwa au imebandikwa, kama imebandikwa dawa ikiifikia itaachia pamoja na jina la kampuni. Koti la mvua lenye mpako wa plastiki kwa ndani usiguse kabisa, dawa inakula mpako na mvua itapita.

Na kile kivuli cha jina kinachobaki baada ya kutoa kila kitu, hiyo siyo gundi wala mafuta, ni nguo imepauka na jua pembeni na chini ya vinaili imebaki na rangi yake ya mwanzo. Hakuna dawa ya kukitoa, hata VLR. Mimi namwonyesha mteja kabla sijaanza, tunakubaliana design mpya iwe kubwa kuliko ya zamani, nafunika.