Riwaya za upelelezi za kumnunulia kijana: anza na hii

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na akishika riwaya ya upelelezi lazima awe na penseli. Kwenye karatasi tupu ya mwisho anaorodhesha washukiwa, kisha anawakata mmoja mmoja kadiri sura zinavyokwisha. Usiku mmoja umeme ulikatika akaendelea kwa tochi ya simu. Nilipochungulia orodha aliifunika kwa kiganja: "Mjomba, usiseme!" Huyu ndiye yule ambaye kitabu cha shule humpa usingizi ukurasa wa pili.

Miaka 13 hadi 17 ndiyo mtoto anaanza kuhisi kwamba wakubwa wanamficha mambo. Akidadisi nyumbani anaambiwa hana adabu. Ndani ya riwaya hizi, mdadisi ndiye shujaa. Kwa hiyo nimezipanga kwa kipimo kimoja: je, msomaji anapewa dalili zilezile alizonazo mpelelezi, aweze hata kumtangulia?

Ya kwanza, bila kusita, ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Maiti ya tajiri Bwana Ali inakutwa mzimuni, na ukishasikia neno mzimu unajua watu watakavyoanza kunong'ona. Mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na kuuliza maswali: nani alikuwa wapi, nani ana kinyongo na nani. Raha yote imo katika mazungumzo, na kijana makini ananasa neno lililomponyoka mtu. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, kitamu mno, ila kijana wa bara atakwama hapa na pale. Msomee sura ya kwanza kwa sauti, atazoea. Akinogewa, mfuatishie Kisima cha Giningi, ya 1968.

Kwa anayesoma Kiingereza bila taabu, ya pili ni A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson, iliyotoka 2019. Pip, mwanafunzi wa mji mdogo wa Uingereza, anatumia mradi wa shule kufukua kesi ambayo polisi waliifunga miaka mitano nyuma. Mji mzima unaamini Sal Singh alimuua mpenzi wake, Andie Bell, Pip haamini. Kurasa zimejaa mahojiano na kumbukumbu za uchunguzi, kwa hiyo msomaji anakuwa kama ameshika jalada la kesi mkononi. Humo mna dawa za kulevya na ukatili wa kingono. Kisome wewe kwanza, na mimi nisingempa aliye chini ya miaka 15.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, naipa nafasi ya tatu. Ni fupi na inakwenda mbio, dawa nzuri ya mvivu wa kusoma.

Stormbreaker ya Anthony Horowitz inamhusu Alex Rider, jasusi wa miaka 14. Ni purukushani zaidi kuliko fumbo. Inawafaa walio wadogo.

Wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa nimewaweka mwisho kwa sababu ya umri tu. Wana damu nyingi na mambo ya kiutu uzima. Wasubiri kidato cha nne au cha tano, na hapo mtafutie Tutarudi na Roho Zetu? ya Mtobwa.

Riwaya za zamani utazipata zaidi kwa wauza vitabu vya mtumba. Kabla hujatoa pesa, fungua nyuma na uhesabu kurasa za mwisho. Kitabu cha mapishi kikikosa kurasa kumi bado utapika. Cha upelelezi kikikosa kumi za mwisho umenunua mateso. Niliwahi kuuziwa nakala ya kudurufu, jalada linang'aa, kumbe inaishia pale mpelelezi anapowaita wote sebuleni. Mpwa wangu alikaa wiki tatu na majina mawili hayajakatwa, hadi nilipopata nakala nyingine.